Siku ya Tatu Kabla ya Fimbo

Ndani ya Nyumba ile siku hazikuhesabiwa kwenda mbele. Zilihesabiwa kurudi nyuma, kutoka siku ambayo bado haijafika, kama walivyohesabu Warumi: hawakusema leo ni tarehe fulani, walisema leo ni siku ya tano kabla ya Ide, siku ya katikati ya mwezi, na Ide ikishapita hakuna aliyeikumbuka tena, kila mtu aligeuza shingo na kuanza kuhesabu kuelekea Kalenda, siku ya kwanza ya mwezi unaokuja. Ukiishi hivyo miaka mingi unazoea kutokuwepo mahali ulipo. Leo inakuwa pengo tu, kipande kilichobaki kabla ya kitu kingine. Mwalimu Novatus alikuwa ameishi hivyo tangu alipokuwa na meno yote kinywani, na sasa meno yenyewe yalibaki ya kuhesabika.

Asubuhi ile, basi, ilikuwa siku ya tatu kabla ya Fimbo.

Kila baada ya marudio saba ya masomo yote Mtahini huja, akamketisha mtumwa mmoja mbele yake na kumuuliza lugha ya Kilatini yote, mwanzo hadi mwisho, pamoja na desturi za mji uliokuwa ukiisema. Akijibu bila kosa, anaguswa begani kwa fimbo nyembamba, anazungushwa mara moja, anavikwa kofia ya sufu iliyoshindiliwa, kisha anatoka mlangoni akiwa mtu. Kabla ya hapo si mtu. Warumi walikuwa na jina la kitu kama hicho: chombo chenye sauti. Jembe ni chombo kisicho na sauti, ng'ombe ni chombo chenye nusu ya sauti, na mtumwa ni chombo kinachosema. Novatus alikuwa amelifundisha jambo hilo kwa miaka thelathini na moja, kwa sauti nzuri.

Safari hii aliyetajwa kuketi mbele ya Mtahini alikuwa mwanafunzi wake Vestina. Na Vestina alikuwa binti yake wa kumzaa. Hakuna aliyelijua hilo ndani ya Nyumba, na Vestina mwenyewe hakulijua.

Sheria ilikuwa wazi. Ambaye baba yake anajulikana ndani ya Nyumba haguswi na Fimbo, kwa sababu mti ukiwa wako na tunda lake ni lako. Asiye na baba ndiye huachwa huru. Kwa hiyo siku Adventina, mfua nguo, alipofariki akijifungua, na mtunza ghala Pankrasi alipokuja na kitabu chake kuuliza mtoto ni wa nani, Novatus alisimama pale pale mlangoni, mikono ikinuka sabuni ya marehemu, akasema, "Sijui." Pankrasi akaandika: hana. Ndilo neno la kwanza lililoandikwa juu ya mtoto yule. Miaka ishirini na minane Novatus alimfundisha, akamkaripia, akamnyima sifa mbele ya wenzake ili watu wasije wakanusa upendo, na kila alipomwona akikohoa wakati wa vumbi alikwenda kujifungia chooni na kulia kimya kimya. Alikuwa na mpango mmoja tu maishani. Vestina akishaguswa na Fimbo, akishafika mlangoni na kofia yake kichwani, atamsogelea kana kwamba anamuaga na kumwambia maneno matatu: mimi baba yako. Sheria ilisema mwenye baba haguswi. Kuhusu aliyekwisha kuguswa, kadiri alivyojua yeye, haikusema neno.

Kwa jambo hilo aliishi. Mengine yote yalikuwa marudio.

*

Nyumba ilikuwa na milango sita, na marudio yalifanywa kwa kutembea. Ndivyo wasemaji wa kale walivyokuwa wakijifunza, kila neno unaliweka chumbani, na ukitaka kulikumbuka unarudi kulichukua. Lakini wale walitembea katika nyumba za kichwani, wakiwa wamekaa kivulini. Hawa wa hapa walitembea kwa miguu, juani, kwenye nyumba ya mawe, na kwa kuwa jina la Kilatini hubadili mwisho wake kwa hali sita, kufuata kazi yake katika sentensi, lilipitishwa kwenye milango sita.

Mlango wa kwanza ni wa mtenda. Huo ulikuwa umezibwa kwa matofali, na hakuna aliyekumbuka ukiwa wazi. Mwanafunzi alisimama mbele yake, akalitaja neno, akaugusa ukuta kwa paji la uso na kuendelea. Mlango wa pili ni wa mwenye mali. Wa tatu ni wa anayepewa, nao ulikuwa tundu tu la jikoni, unapopokelea bakuli. Wa nne ni wa anayetendwa, ndio mpana kuliko yote, sakafu yake imechimbika kwa nyayo, kwa kuwa humo kila mtu alipita kila siku akienda kazini. Wa tano ni wa kuitwa. Mtu akiusikia ukifunguliwa na jina lake likitajwa, huacha alichoshika na kukimbia. Na wa sita ni wa kutoka. Huo ndio lango.

Novatus alikuwa na mawazo mengi juu ya milango hiyo, na hakuwa na wa kumwambia. Aliwaza hivi: yaani mtu anaweza kuwa neno lile lile, mzizi ule ule, mama aliyemzaa ni yule yule, na bado kinachoamua kama atapiga au atapigwa ni kijisilabi kidogo kilichobandikwa mwishoni mwake. Nani aliyekibandika? Warumi? Warumi wamekufa wote. Walikufa bila kujua kwamba iko Nyumba hii, kwenye ardhi hii nyekundu, ambamo watu wanaotokwa jasho wanataja theluji ya milima ya Alpi kwa vipindi sita vya kitenzi. Hakuna humu aliyewahi kuiona Roma. Hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyeiona. Pengine, aliwaza, ndiyo sababu inatutawala vizuri namna hii. Bwana aliye hai unaweza kumchoka, ukamjua udhaifu wake, ukamsikia akikoroma. Bwana aliyekufa hakoromi. Unamuuliza kwa nini, na kimya chake unakigeuza wewe mwenyewe kuwa amri, halafu unaitii, na jioni unamfundisha mwenzako namna ya kuitii vizuri zaidi.

Na bwana wa Nyumba, je? Hapo ndipo pa kushangaza. Penye mlango wa pili palikuwa na kabati, na ndani ya kabati nyuso za nta za mabwana waliotangulia, kama zile ambazo familia kubwa za Roma zilitunza sebuleni na kuzivaa kwenye mazishi ili marehemu asindikizwe na babu zake wote. Desturi nzuri kwa nchi ya baridi. Huku joto liliziyeyusha. Pua ilishuka ikawa mdomo, shavu la huyu likaungana na sikio la yule, na kila mwisho wa kiangazi mtu alitumwa kuzifinyanga upya, naye alizifinyanga kwa kubandika nta juu ya uso uliokuwa karibu, yaani wake mwenyewe. Kwa hiyo mabwana walizidi kufanana na watumwa mwaka hata mwaka. Kila asubuhi mtumwa mmoja, kwa zamu, alivaa uso mmoja na kuketi kitini, na siku hiyo aliyosema yalikuwa sheria. Hakukuwa na mwingine juu yake. Novatus mwenyewe alishika zamu mara nne. Alipania, kila mara, kusema: fungueni milango, nendeni zenu. Na kila mara nta ilipomgusa mashavuni, ikiwa bado vuguvugu, alisikia sauti yake ikiagiza watu wachapwe kwa kuchelewa kuamka. Baadaye aliona aibu. Wenzake hawakumlaumu, kwani nao yaliwapata yale yale.

*

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umelala salama?"

"Nimelala na vitenzi vyako, Mwalimu. Vimenikaba usiku kucha, mpaka Matrida ananiuliza ninabishana na nani."

Matrida alikuwa mpishi, rika lake Vestina. Walilelewa mkeka mmoja.

"Tembea," akasema Novatus.

Vestina akatembea. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mama yake na kucha zilizopinda kidogo kwa nje, kama za Novatus, naye alizificha zake kila mara walipokaa karibu. Alilipitisha neno la waridi kwenye milango sita bila kukwama, rosa, rosae, akalipitisha neno la meza, neno la vita, neno la mkono. Aliyataja upesi upesi, macho yakiangalia mbali, kwa namna ya mtu anayechambua mchele huku akiwaza mambo yake. Ndivyo Nyumba ilivyofundisha. Kitabu cha marudio kilikuwa na sentensi mia mbili, na mwanafunzi alizivunja moja moja, hili tendo, huyu mtendwa, hii silabi ya mwisho, akaziunga tena na kwenda nyingine. Hakuna aliyeuliza sentensi inasema nini. Kuuliza hivyo kulihesabiwa kuwa utoto.

Walipofika kivulini Novatus akafungua upande wa desturi.

"Mtumwa akiachwa huru anachukua jina la nani?"

"La aliyemmiliki. Lake la zamani linawekwa mwishoni."

"Na baba yake anaandikwaje?"

"Haandikwi. Mtumwa hana baba mbele ya sheria. Pale ambapo mtu huru anaandikwa jina la baba, yeye anaandikwa jina la bwana."

Novatus aliwahi kuulizwa swali hilo, aliwahi kuliuliza mara mia, lakini siku ile jibu lilimpiga kifuani. Akakohoa kidogo.

"Vizuri."

"Si vizuri, Mwalimu," akasema Vestina. "Ni sahihi tu."

"Mtahini haulizi kama ni vizuri."

"Najua. Nakwambia wewe, siyo Mtahini."

Novatus akainamia kitabu. Angeweza kusema kitu hapo. Mdomo ulishafunguka.

"Anayeachwa anapewa nini na Nyumba?" akauliza badala yake.

"Achague mtumwa mmoja wa kutoka naye. Atamfuata hatua tatu nyuma, na wakikutana na watu njiani atamnong'oneza majina yao, maana ni aibu kwa mtu huru kutomjua anayemsalimia." Vestina akacheka. "Mimi sijui hata jina la barabara. Huyo wangu atakuwa na kazi."

"Matrida ana kumbukumbu nzuri," Novatus akasema.

Vestina aliokota kitenge chake, akakung'uta vumbi na kurudi kwenye mlango wa kwanza kuanza upya, kwa sababu zilibaki saa nyingi na siku ilikuwa bado ya tatu.

*

Mimi baba yako. Maneno matatu. Au mawili? Baba yako, basi, nimguse na mkono. Hapana, matatu, mkono hautoshi, mkono unaweza kuwa wa mtu yeyote. Atasema uongo, Mwalimu. Nitamwonyesha kucha. Atasema kwa nini hukusema. Nitasema, ungebaki humu. Atasema, tungebaki wote. Hapo sina jibu. Hapo sina jibu tangu alipokuwa na miaka minne na akaanguka kwenye ngazi, akaita watu wote wa Nyumba kwa majina, mmoja mmoja, na mimi akaniita Mwalimu. Nilichelewa kumwinua. Nilisubiri kwanza wengine wafike. Siku ya pili kabla. Jua limekataa kushuka. Pankrasi amekuja tukala pamoja, akaniambia, rafiki yangu, mbona huli, huyo msichana atapita, umemfundisha mwenyewe. Ndiyo, nimemfundisha mwenyewe. Hakuna mtu duniani aliyemfundisha mtoto wake kwa bidii namna hii ili mtoto asimjue.

*

Siku ya Fimbo ilifika, na kwa siku hiyo moja hakukuwa na cha kuhesabia. Watu wa Nyumba walijipanga uani. Mtahini aliketi kwenye kiti mbele ya mlango uliozibwa, amevaa joho jeupe na uso wa nta. Novatus, aliyesimama karibu kwa heshima ya ualimu, aliitazama mikono iliyoshika Fimbo na akaitambua. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la mlango wa ghala. Ilikuwa mikono ya Pankrasi. Juzi tu walikula bakuli moja. Novatus hakushangaa sana. Mtu hushangazwa na kile ambacho hakuwa akikijua, na hili, sasa alivyolitazama, alikuwa akilijua siku zote. Hakukuwa na Mtahini anayetoka mahali popote. Hakukuwa na mahali.

"Anza," ikasema sauti, na haikuwa ya Pankrasi.

Vestina alianza. Kwa saa nzima hakukosea. Majina, vitenzi, nafsi tatu za umoja na nafsi tatu za wingi, wakati uliopita na uliopita kabla ya uliopita. Aliulizwa mabinti wa Roma waliitwaje, akajibu kwamba kila mmoja alipewa jina la ukoo wake, na wakizidi walihesabiwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliulizwa nani aliwafundisha watoto wa Warumi kusoma. "Watumwa," akajibu. Aliulizwa watumwa hao walifundishwa na nani. Uwanja mzima ukakata pumzi, kisha Vestina akasema, "Na watumwa." Mtahini akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Novatus alikuwa amesimama akilia waziwazi, na wenzake walidhani ni furaha ya ualimu.

Fimbo ikashuka begani. Mikono ikamshika, ikamzungusha mara moja, na alipomaliza kuzunguka akavikwa kofia. Kitendo chenyewe hakikuchukua muda hata wa kupiga chafya.

"Yupo anayemdai?" akauliza Mtahini. "Baba, au mwingine wa damu?"

Novatus aliuma ulimi mpaka akaonja chumvi. Bado kidogo. Hatua hamsini kufika langoni, na baada ya hapo sheria itakuwa nyuma yao.

"Hayupo. Sasa aliyeachwa asomewe mpaka wa uhuru wake, aujue." Na Mtahini akafungua kitabu, kile kile cha marudio, na kusoma taratibu: "Cuius pater servit, etiam manumissus servit."

Sentensi ya kumi na saba. Watu wakaiitikia kwa mazoea, wengine wakiimba mwisho wake, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote na kila mmoja alianzia utotoni kuivunja. Novatus aliwahi kuifundisha mara ngapi? Kila mwaka, kwa kila darasa. Aliipenda kwa ufupi wake. Alikuwa akigonga meza kwa rula: hili linarejea wapi, hili limekaaje, haya, geuza, rudisha, inayofuata. Miaka thelathini na moja aliishika mkononi kama jiwe la kunolea, akanolea watoto wa watu, na hakuna siku moja aliyokaa chini na kuisikiliza. Sasa aliisikia. Ilikuja kwa lugha ya nyumbani, nyepesi, haina fumbo lolote: ambaye baba yake ni mtumwa, hata akiachwa huru ni mtumwa.

Kwa hiyo haikujalisha lini. Langoni, au barabarani, au miaka kumi baadaye kwenye mji mwingine. Siku atakayosema maneno yake matatu, kofia itavuliwa na Vestina atarudishwa kwenye mlango wa nne. Uhuru wake ulikuwa umetengenezwa kwa kimya cha Novatus, na ungedumu kadiri kimya kinavyodumu. Alijisikia mjinga, mjinga wa kutupwa, mtu aliyeishi na kisu mezani akidhani ni kijiko. Alitazama uso wa nta akitafuta macho ya rafiki yake ndani yake. Hayakuwemo, au yalikuwemo na hayakumjua.

"Waliobaki wamsalimu aliyeachwa."

Walipita mmoja mmoja. Hiyo nayo ilikuwa desturi ya Nyumba, haikutoka Roma. Aliyebaki hushika miguu ya anayetoka, kwa maneno, hata akiwa mkubwa wake kwa umri. Zamu ilipofika, Novatus alisimama mbele ya mtoto wake. Vestina alitikisa kichwa haraka haraka akimwambia kwa macho, usiniamkie, Mwalimu, tafadhali usiniamkie.

"Shikamoo," akasema Novatus.

Mtahini alisubiri. Uwanja ulisubiri. Midomo ya Vestina ilicheza bila sauti, na machozi yakamtoka kabla ya neno.

"Marahaba," akasema.

Kisha akaambiwa achague. Matrida alikwishajifunga kitambaa kichwani na kusogea mbele, kibegi chake kimefichwa nyuma ya mgongo, uso unang'aa. Vestina alimpita. Alimshika mkono kidogo, akampita, akarudi kusimama mbele ya Novatus.

"Huyu," akasema. "Amenifundisha kila kitu ninachokijua. Siwezi kumwacha azeeke humu."

Watu wakapiga vigelegele, maana walikuwa hawajawahi kuona shukrani kubwa namna hiyo. Walimsukuma Novatus, wakamshika mabega, wakamwambia ana bahati. Matrida alibaki akikodolea macho kibegi chake. Kitabu kikafunguliwa, na pale palipoandikwa Novatus, mali ya Nyumba, pakafutwa Nyumba na kuandikwa jina jipya la Vestina, ambalo sasa lilikuwa refu na lilianza na jina la bwana.

*

Nje hakukuwa na Roma. Palikuwa na barabara ya vumbi, jua la saa nane, na mbali kwenye vilima, nyumba za mawe moja baada ya nyingine, kila moja na milango yake. Novatus alianza kuzihesabu, akaacha. Alimfuata Vestina hatua tatu nyuma. Akikaza mwendo kwa kutaka kumkaribia, naye Vestina aliongeza hatua bila kujua, na nafasi ile ilibaki vilevile.

Mtu mmoja alikuja mbele yao akiendesha punda. Vestina akapunguza mwendo, akageuza sikio kidogo, na Novatus akakumbuka kazi yake. Hakumjua mtu yule. Alinong'ona jina la kwanza lililomjia, la kwenye kitabu.

"Gayo."

"Habari za safari, bwana Gayo," akasema Vestina.

Yule mtu akasimama, akawaza, kisha akatabasamu kwa furaha ya aliyerudishiwa kitu kilichopotea, akasema njema sana, akaenda zake. Walimkuta mwingine, Novatus akampa Marko, naye akalipokea. Walimkuta mama mmoja na mzigo wa kuni, akampa Livia. Hakuna aliyekataa. Ilikuwa rahisi mno kumpa mtu jina. Walilichukua tu wakaondoka nalo. Lake mwenyewe, lile moja alilolitaka, ndilo lililokuwa haliwezekani.

Penye njia panda Vestina aliketi juu ya jiwe. Aliivua kofia, akaigeuza geuza, akaiweka mapajani. Nywele zilikuwa zimelowa jasho.

"Ona, sijui nikuite nani sasa," akasema.

"Niite upendavyo, bibi."

"Usiniite bibi."

"Watu wanapita. Watasikia."

Upepo mdogo ulipita ukirusha makapi ya mahindi barabarani. Novatus alibaki amesimama, kwa sababu hakuambiwa akae, na Vestina hakujua kwamba anatakiwa kumwambia.

"Matrida hatanisamehe," akasema Vestina. "Nilitaka kumtoa yeye. Tuliahidiana. Lakini ninakuhitaji wewe, na si kwa ajili ya shukrani, niliwadanganya. Wewe umekaa Nyumba ile kuliko wote. Unamkumbuka kila aliyeingia na kila aliyetoka. Mama yangu aliitwa Adventina, alikuwa mfua nguo. Hilo walinificha, nikalisoma kwenye kitabu cha Pankrasi. Baba hakuandikwa. Lakini mtu hawi mjamzito kwa hewa, Mwalimu. Yupo mahali, au alikuwepo. Ndiyo kazi niliyokutolea. Unisaidie kumtafuta."

Novatus alificha mikono yake nyuma.

"Na ukimpata?"

"Nitamuuliza kwa nini alinyamaza."

"Halafu?"

"Halafu basi. Nitakaa naye. Anayo haki ya kuniona." Akavaa kofia, akainuka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ulimfahamu?"

"Kidogo," akasema Novatus.

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Alikuwa mwoga."

"Si kitu. Tuanzie wapi?"

Njia zilikuwa tatu. Moja ilishuka kwenye nyumba za karibu, ya pili ilizunguka kilima na mtu angeweza kuiona ikitokeza upande wa pili. Ya tatu ilikwenda moja kwa moja kwenye tambarare isiyo na mti, na haikuonyesha mwisho. Novatus akanyoosha mkono, vidole amevikunja, akaionyesha hiyo.

"Nilisikia alielekea huko," akasema.

Vestina akamshukuru, akatangulia. Novatus alisubiri hadi hatua tatu zikatimia, akamfuata.